Watoto Waambiwe Habari za Kaburi

Mama mmoja wa usharika wetu alinitamkia neno ambalo limenikaa kooni tangu Ijumaa Kuu. Mwanawe wa miaka sita alikuwa ameniuliza Yesu walimzika wapi, nami nikaanza kumweleza habari za lile kaburi lililochongwa mwambani na lile jiwe kubwa. Mama akanikatiza kwa upole kabisa: "Dada, huyu bado mdogo. Mwambie tu Yesu anatupenda, hayo ya kaburi atayakuta ukubwani." Mtoto akapewa biskuti, mazungumzo yakaishia hapo.

Mtoto huyo huyo, wiki chache nyuma, alikuwa msibani kwa babu yake Tabata. Nilikuwepo. Alikaa mkekani na akina mama, akaona jeneza likiingizwa sebuleni, akapitishwa kwenye mstari wa kuaga amebebwa na mjomba wake. Alimsikia mama yake akilia kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake. Leo tunasema ni mdogo mno kusikia habari za kaburi! La babu yake alishaliona. Ambalo hajaambiwa ni lile lililofunguka.

Hilo ndilo linaloniuma katika Pasaka tunazowaandalia watoto wetu hapa Dar. Tunawapa Jumapili peke yake. Gauni la Kariakoo, viatu vipya, pilau, soda, jioni foleni ya kwenda Coco Beach, picha, kulala. Ukimuuliza mtoto Pasaka ni nini, atakuambia ni sikukuu kama Krismasi. Na anajibu kweli, maana ndivyo ilivyofanywa mbele ya macho yake.

Mji huu hauwafichi watoto kifo. Turubai linafungwa katikati ya mtaa, magari yanazunguka njia nyingine, viti vya plastiki vinashushwa, kesho yake basi linaondoka na mwili kwenda Moshi au Bukoba. Watoto wanacheza pembeni ya yote hayo na masikio yao yako wazi. Wakiuliza, tunawaambia bibi amesafiri. Au bibi amelala. Namfahamu mtoto aliyeambiwa bibi yake amelala, akakataa kwenda kitandani kwa majuma, na nyumba nzima ikashangaa ana nini. Watu wa Mungu, sisi ndio wenye jibu! Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Hakuacha pa kujificha. Jambo ambalo bila hilo imani yote inaanguka, ndilo tunalomwekea mtoto kiporo mpaka awe mkubwa.

Najua nitaambiwa habari za misumari na damu. Haya, hapo nitakubali kidogo. Zile filamu za mateso zinazorudiwa kwenye televisheni kila Ijumaa Kuu si za mtoto wa miaka mitano, na mzazi anayezima ana haki. Lakini tazameni Injili zenyewe zilivyo na kiasi. Marko anaandika kwamba walimsulibisha, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye kugawana mavazi. Haelezi nyundo. Misumari utaisikia baadaye kinywani mwa Tomaso, Yesu akiwa ameshafufuka. Msomee mtoto kama ilivyoandikwa, polepole, usiongeze chumvi. Ataweza kuibeba.

Nyumbani kwetu tunatengeneza kaburi. Tunachukua sinia kuukuu, tunajaza udongo, tunalaza kikombe cha udongo ubavu na kukifukia nusu mpaka kiwe pango, na watoto wanatafuta jiwe la kuziba mdomo wake. Yohana anasema mahali pale palikuwa na bustani, kwa hiyo Jumapili ya Matawi wanapanda choroko kuzunguka pango. Kwa joto la Dar, choroko hazichelewi. Siku zote za Juma Kuu wanamwagilia na kuchungulia. Ijumaa jioni tunakunja kitambaa cheupe kidogo, tunakiweka ndani, mtoto mdogo kuliko wote anasukuma jiwe. Tunasoma habari za Yusufu wa Arimathaya, basi. Hakuna wimbo wa furaha siku hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kuharakisha.

Jumamosi ndiyo ngumu, na ndiyo ninayoipenda. Watoto wanalizunguka sinia. Wanauliza kama wanaweza kufungua kidogo tu. Hapana. Wanafunzi wa Yesu nao siku ile walikaa, hawakujua kesho ina nini. Mwanangu wa pili aliniuliza Jumamosi moja kama babu yake naye anasubiri hivyo. Nikamwambia ndiyo, anasubiri, na sisi tunasubiri pamoja naye. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia siku hiyo anaijua Mungu. Akaridhika, akaenda kucheza. Mazungumzo yale nisingeyapata kwa kumpeleka mtoto kupiga picha na sungura wa plastiki, pambo la Pasaka, kwenye duka kubwa.

Jumapili kabla hakujapambazuka, jiwe limeshasogezwa, kitambaa kimekunjwa kimewekwa pembeni, ndani hakuna kitu, na choroko zimesimama kijani. Wanaamshwa gizani, kama wale wanawake waliokwenda na manukato. Mmoja anawasha mshumaa, tunatamka "Kristo amefufuka", wanaitikia "Amefufuka kweli kweli", kisha ndipo maji ya kuoga na nguo.

Wakristo wa Kanisa la Moravian wanalijua jambo hili kutuzidi. Alfajiri ya Pasaka mwaka 1732, huko Herrnhut, Ujerumani, vijana wao walikwenda makaburini kuimba kufufuka kwa Bwana jua likichomoza, na desturi hiyo haikufa. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na ukikutana na mtu aliyekulia huko Nyanda za Juu Kusini muulize Pasaka ya utotoni, uone uso wake. Watoto walisimama katikati ya makaburi ya watu wao na kuimba. Sijasikia kwamba iliwadhuru. Kama babu yenu amezikwa Kinondoni, nendeni naye mtoto, mng'oe majani, mwimbe ubeti mmoja. Hakuna kiingilio.

Na saa zetu! Mtoto wa Ulaya lazima ahesabiwe saa upya ili aelewe saa ya sita ya Marko. Wetu akisikia kwamba Yesu akiwa msalabani giza liliingia saa sita mpaka saa tisa, anajua ni saa ile ile ya ukutani, jua la utosi. Basi Ijumaa Kuu, saa sita hadi saa tisa, zimeni televisheni, simu ziwekwe kabatini. Ni muda wa saa tatu tu. Mtoto atachoka, atagaagaa sakafuni, na atakumbuka.

Alhamisi Kuu oshaneni miguu. Beseni, taulo, maji ya uvuguvugu. Baba mwenye nyumba aanze na dada wa kazi, kama dada mwenyewe ameridhia, maana kumlazimisha ni kumdhalilisha mara ya pili. Watoto wakishamwona baba amepiga magoti mbele ya binti anayewafulia, hutahitaji kuwahubiria Yohana 13. Kisha watoeni nje wauone mwezi. Tarehe ya Pasaka hufuata mwezi mpevu, ndiyo maana haitulii kwenye kalenda, na watoto wa Dar tayari wanaishi na majirani wanaouliza kila mwaka kama mwezi umeandama. Mawingu ya masika yakiuficha, waambieni upo.

Nguo mpya sizipigi vita. Wakristo wa kwanza waliobatizwa usiku wa Pasaka walivikwa nyeupe, kwa hiyo mwambie mtoto hivyo wakati unamfunga vifungo. Yai nalo, sawa, Waorthodoksi hulipaka rangi nyekundu kwa ajili ya damu ya Kristo, lina heshima yake. Sungura sina la kusema juu yake.

Wengine wananiambia hiyo ni kazi ya mwalimu wa Sunday school. Mwalimu huyo anajitolea, ana watoto wa mtaa mzima kwenye benchi chache, na ana saa moja kwa wiki. Katika Kutoka 12 Mungu anasema watoto watakapouliza maana ya utumishi huu, ninyi mtawajibu. Anasema na watu waliokuwa wakila pamoja ndani ya nyumba zao. Wala usiniambie muda hakuna, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zote ni mapumziko ya taifa.

Tena Jumatatu hiyo msiipoteze. Mmoja awahi Feri alfajiri, arudi na samaki wabichi, changu au vibua, kadiri mfuko unavyoruhusu. Washeni jiko la makaa uani, mchome samaki, mle na mkate kwa staftahi, huku mkubwa akisoma Yohana 21: Yesu mfufuka yuko ufukweni, amewasha moto wa makaa, anawaita wavuvi waje wale. Waulizeni watoto moto mwingine wa makaa ulikuwa wapi. Wakubwa watakumbuka ua wa Kuhani Mkuu, Petro akiota moto na kusema simjui mtu huyu. Hapa anaulizwa mara tatu kama anampenda, mara tatu kama alivyokana. Mtoto aliyevunja kikombe wiki hiyo na kusema si yeye ataielewa habari hii upesi kuliko sisi, na huenda akasema kitu hapo hapo. Mpeni nafasi amalize kusema kabla hamjamwongezea samaki.