Baiskeli ya Maziwa

Dodoma ukiona kijia cheupe, kimenyooka, hakina hata mbuzi, jua mbigili wamekitangulia. Kitunda cha mmea huo utambaao chini kina miiba kila upande. Kianguke kianguavyo, mmoja lazima utazame juu kumsubiri mwenye baiskeli. Mimi hapa Nkuhungu nilikuwa nimeziba pancha mara 5 ndani ya wiki 2, zote za gurudumu la nyuma. Tyubu ilishakuwa viraka vitupu.

Jamaa mmoja kijiweni akanipa siri: mimina maziwa kwenye tyubu. Likitokea tundu, yanalikimbilia na kuliziba. Akaapa kwamba wazee wa mashindano ya baiskeli walifanya hivyo. Nikachomoa vali, nikasukumia nusu lita kwa bomba la sindano, nikajaza upepo hadi tairi likawa gumu kama jiwe. Siku tatu hakuna pancha. Nikaanza na mimi kutoa ushauri.

Jumapili nikaenda ukweni, Mpunguzi. Nikaegesha baiskeli ukutani, jua la saa saba likiipiga, kando ya mkeka ambako mama mkwe alikuwa ameanika mlenda wake.

"Mbukwenyi!" nikasalimu, kofia mkononi.

Kabla hajaitikia: paaa! Baba mkwe akalala chini. Kuku hawakuonekana mpaka jioni. Na maziwa, ambayo kwa joto la siku tatu yalishachacha yakajaa gesi, yakaruka ukutani, kwenye mlenda na kwenye shati la baba mkwe alilotoka nalo kanisani. Harufu sitaielezea. Mbwa ndio waliofurahi.

Mama mkwe akachovya kidole, akanusa, akanitazama kwa upole kabisa. "Baba, huko mjini vibuyu vimekwisha?"

Nikaikokota hadi kwa fundi chini ya mti. Akavua tairi huku amegeuza uso, akapitisha vidole ndani yake taratibu, akasimama, akachomoa kwa koleo kimwiba kisichozidi punje ya mchele. "Unaziba tyubu, mwenye kutoboa unamwacha kwenye tairi?" Kumbe pancha zote 5 ni mwiba mmoja! Akaniwekea tyubu nyingine, akaizungushia kwa ndani ukanda wa tairi kuukuu, akanitoza na hela ya sabuni.

Sasa nikifika Mpunguzi mashemeji hawaniulizi habari za safari. Wanauliza kama baiskeli nimeshaikamua.