Kiko cha Mbao Kinahitaji Shelaki Nyembamba

Kuna jambo dogo ambalo kwa maoni yangu linaharibu kazi nzuri ya wachongaji wa hapa Kisumu, nalo ni namna viko vya mbao vinavyomaliziwa. Kiko huchongwa kwa subira, kikatobolewa, kikasuguliwa, kisha kikapelekwa kwa jirani anayetengeneza vitanda na makabati ili akipulizie lakeri, yaani vanishi nene ya kupulizia, ileile anayoitumia kwa viti vya sebuleni. Hurudi kiking'aa. Mnunuzi hupendezwa nacho kikiwa mezani, lakini akishakivuta kwa majuma machache, ile ngozi nene huanza kutoka malengelenge karibu na ukingo wa bakuli, yaani sehemu inayotiwa tumbaku, kisha ikapasuka na kubanduka. Mimi nashikilia kwamba kiko kinahitaji shelaki, vanishi ya asili inayoyeyushwa katika spiriti, tena nyepesi, iliyopakwa kwa mkono, na kwamba lawama ambazo mafundi huitupia shelaki hutokana na kuipaka kwa unene uleule wa lakeri.

Watakaonikumbusha madhara ya tumbaku nawaambia mapema kwamba sibishani nao, na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 ina sababu zake. Hapa nazungumzia mbao.

Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo ambaye wataalamu humwita Kerria lacca, anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Utomvu huo hukwanguliwa, husafishwa na kuuzwa ukiwa vigae vyembamba vya rangi ya asali au ya kahawia, ambavyo huyeyuka katika spiriti. Ndio huohuo unaopakwa kwenye vidonge vya dawa na peremende ili zing'ae, na katika orodha ya viungio vya chakula namba yake ni E904. Kwa chombo kinachoshikwa mkononi na kuegemezwa mdomoni, hoja hiyo si ndogo, ingawa usalama huo ni wa shelaki iliyokwisha kukauka: spiriti ya viwandani hutiwa methanoli, ambayo ni sumu, na mvuke wake haufai kuvutwa katika chumba kilichofungwa madirisha.

Hoja kubwa ya wanaoipinga ni joto. Ni kweli kwamba shelaki huyeyuka ikifikia nyuzi 75 hivi za Selsiasi, na kwamba ziko rangi za kisasa zinazostahimili zaidi. Lakini wanaosema hivyo hawajajiuliza kiko hushikwaje. Mtu hawezi kushikilia kwa muda kitu chenye joto la nyuzi 60 bila kuungua, kwa hiyo bakuli likikaribia kiwango cha kuiyeyusha shelaki, mvutaji atakuwa ameshaliweka chini zamani. Bakuli lililochongwa vizuri, lenye tundu la milimita 20 hivi na ukuta usiopungua milimita 6 popote, halifiki huko likivutwa taratibu. Mahali pa hatari ni ukingo wa juu, ambako mwali wa kiberiti hugusa, na dawa yake ni rahisi: ukingo huo usipakwe shelaki hata kidogo, uachiwe nta peke yake. Ndani ya bakuli na ndani ya tundu la moshi pia pasiguswe, kwa kuwa shelaki itakayoingia humo itaungua pamoja na tumbaku na kuharibu ladha. Mimi huziba matundu yote mawili kwa kizibo kabla hata sijafungua chupa.

Ulaini wenyewe hupatikana kabla ya chupa hiyo, na hapa ndipo mafundi wengi huharakisha. Lakeri nene hujaza mikwaruzo na kuificha, ila shelaki nyembamba huianika yote. Kwa mzeituni mwitu, mti ambao watu wa Nakuru huuita mutamaiyu, na ambao nguzo zake kuukuu za ua kutoka pande za Molo na Londiani hutoa vipande vikavu vizuri sana vya kuchongea, huanza na msasa namba 120, nikaendelea na 220, 320 na 400, bila kuruka hata mmoja. Kisha hupitisha kitambaa chenye maji kidogo ili nyuzi za mbao zisimame, nikaacha ikauke kabisa, ndipo nikazikata nyuzi hizo kwa namba 600. Anayeiruka hatua ya maji ataziona nyuzi zikisimama chini ya tabaka la kwanza la shelaki, na uso utakaoonekana laini kwa macho utakuwa na ukwaru kwa kidole. Mzeituni una mafuta yake ya asili, na rangi nyingine huenda zikakataa kushika juu yake, lakini shelaki hushika mbao za namna hiyo vizuri.

Kuhusu spiriti, eneo hili lina bahati, kwa sababu Muhoroni kuna kiwanda kinachotengeneza alkoholi kutokana na molasi ya miwa, na spiriti ya fundi si bidhaa ngeni madukani. Isipokuwa kuna watu wanaokwenda duka la dawa kununua ile ya kusafishia vidonda. Hiyo huwa na maji mengi, na nyingine hutiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, na vyote viwili ni adui wa shelaki. Kipimo ninachokipendekeza ni gramu 12 za shelaki katika mililita 100 za spiriti, uwiano ambao fundi wa samani atauona kuwa maji matupu. Huyeyuka kwa siku moja au mbili katika chupa ya kioo iliyofungwa, kisha huchujwa kwa kitambaa. Itengenezwe kidogo kidogo, kwa sababu shelaki iliyokaa miezi mingi ndani ya spiriti hubadilika na kukataa kukauka. Tone moja juu ya kioo linalobaki likinata baada ya saa chache linatosha kukuambia umwage chupa nzima.

Kupaka ni kazi ya kitambaa cha pamba kilichofungiwa pamba ndani, kilowe bila kudondosha. Pitisha mara moja kufuata uzi wa mbao, usirudi ulikopita, kwa kuwa spiriti ya tabaka jipya huyeyusha kidogo lile la chini na kitambaa kinachorudi huburuta vyote viwili. Sifa hiyohiyo ndiyo inayofanya matabaka sita mepesi yashikane yakawa ngozi moja. Tatizo letu hapa Kisumu ni unyevu wa ziwa. Spiriti inapopaa huupoza uso wa mbao, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutua juu ya shelaki mbichi na kuacha ukungu mweupe. Fundi wa Nakuru, aliye juu zaidi na kwenye hewa kavu zaidi, huenda asiuone ukungu huo isipokuwa wakati wa masika. Sisi tunapaswa kuchagua saa: kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakauka, hadi saa nane hivi, kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika. Siku ya mvua ni ya kupiga msasa. Ukungu ukitokea, kitambaa chenye spiriti tupu kikipitishwa kwa wepesi siku ya jua huuondoa.

Baada ya siku mbili tatu, mng'ao wa shelaki hupunguzwa kwa sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote, kisha hupakwa nta. Nta ya nyuki peke yake hubaki laini mno mkononi. Ikichanganywa na ya kanauba, nta ngumu ya mmea ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 80 na zaidi, hukaa. Wako wanaosema basi nta ingetosha bila shelaki. Kwa kiko kisichotiwa rangi nawaelewa, lakini jasho la mkono huimaliza nta upesi na uchafu huingia moja kwa moja kwenye mbao.

Kinachonifanya niendelee kuitetea shelaki ni siku ambayo kiko hurudishwa. Mteja amekiweka karibu na glasi ya pombe ikamwagikia, au amekidondosha kwenye kokoto. Kiko cha lakeri hulazimu kukwanguliwa chote, pamoja na rangi iliyo chini yake, kabla ya kupuliziwa upya. Kwenye shelaki, alama hufutwa kwa spiriti pale pale ilipo, matabaka mawili hupakwa juu yake yakashikana na ya zamani, nta ikafuata, na mteja akakichukua kesho yake kwa bei ambayo haimfanyi afikirie kununua kingine.