Picha ya Shamba Ghali Kuliko Shamba

Mpwa wangu kanikokota jana mpaka Masaki kwenye maonyesho ya picha za kuchora, na hadi sasa nikiikumbuka ile karatasi ya bei presha inapanda. Milioni nne na nusu! Tena si picha ya harusi wala ya marehemu. Ni mlima. Umekaa tu.

Nilienda kwa heshima zangu, koti nimevaa. Sambusa zao zilikuwa saizi ya kidole gumba. Nikala nne, tumbo likauliza tunaanza saa ngapi. Nikafunga mikono nyuma, nikawa natingisha kichwa kila picha. Ngorongoro, natingisha. Kilimanjaro yenye theluji kuliko iliyobaki kule juu kweli, natingisha.

Nikafika kwenye Irente. Watu wa Lushoto mnapajua: mwamba, halafu bonde la Mazinde chini kule mbali. Ukungu kaupaka vizuri, sikatai. Ila kabichi ziko wapi? Mama mwenye mzigo wa kuni hayupo. Fuso lililokwama kwenye kona za kushukia Mombo halipo. Wasambaa wote tumehama bila kuambiwa!

Binti wa pale akanisogelea.

"Karibu baba. Hii picha inakwambia nini?"

"Inaniambia milioni nne na nusu."

Akacheka kwa adabu. Nikaona hapa panaongeleka, nikamwingia Kikariakoo. "Bei ya mwisho, mwanangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, baba."

"Ukitoa fremu?"

"Fremu haitoki."

"Nikibeba na Ngorongoro?"

Akashusha pumzi. "Baba, hapa hununui mlima. Unanunua mwanga. Hebu uone ule mwanga wa asubuhi."

"Mwanga nanunua kwa Luku, na bado unakatika."

Hapo akaleta shahidi kutoka Ufaransa. Eti kulikuwa na bwana anaitwa Claude Monet, mwaka 1890 akatoka nje kwake huko Giverny, akaanza kuchora marundo ya ngano ya jirani. Asubuhi rundo, jioni rundo, theluji imeanguka rundo, mpaka picha zikapita ishirini. Mwaka 2019 moja ikapigwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 110.

"Na jirani alipata ngapi?"

"Jirani yupi, baba?"

"Mwenye ngano! Aliyelima, akavuna, akayapanga hayo marundo. Alipewa ngapi?"

Kimya. Basi nikamwonyesha kwa kidole, pale kushoto, chini ya ukungu, palipopakwa kijani mara mbili tu. Hapo ni kwa mjomba wangu. Ana matuta ya kabichi hapo, na dalali ndiye anayempangia bei. Mvua ikikata barabara, kabichi zinaozea guniani, na hakuna anayekuja na glasi mkononi kutazama mwanga wake. Juzijuzi kaniomba ninunue kipande cha shamba lile lile, kwa hela ndogo kuliko hiyo picha, na ukungu utaletewa kila asubuhi bila nyongeza! Nimekosa hela! Shamba lenyewe nimekosa hela, mwanangu, halafu nije kununua kivuli chake?

Kumbe sauti imepanda. Nikigeuka, watu wamenizunguka na simu juu, wananirekodi, wamedhani ni sehemu ya maonyesho. Mama mmoja akapiga makofi. Mpwa wangu yuko kule kwenye picha ya Pangani, anajifanya hanijui.

Mlangoni wakanipa daftari niandike maoni na barua pepe. Nikaandika "sambusa".

Nje nikaita bodaboda. Kijana akanitazama koti, akaitazama ile nyumba, nauli ikajizidisha mara mbili pale pale. "Mzee, watu wa humu mna hela." Nikakosa hata nguvu za kubishana. Akanipa helmeti imelowa jasho la abiria wa tangu alfajiri, mkanda umefungwa kwa kamba ya kiatu. Hivi hizi helmeti huwa zinafuliwa na nani, jamani? Maana trafiki anakagua kama umevaa tu, kuinusa hainusi.