RED: wazee wameshika bunduki, watazamaji wamegawanyika

Katika filamu ya RED, Frank Moses (Bruce Willis) ni jasusi mstaafu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, anaishi peke yake katika kitongoji kimoja cha Cleveland. Hundi yake ya pensheni ikifika anaichana, halafu anapiga simu ofisi ya pensheni kule Kansas City kulalamika kwamba haijafika. Anachotaka ni kuisikia sauti ya Sarah, mwanamke anayepokea simu, ambaye hajawahi kumtia machoni. Usiku mmoja wauaji wanamvamia, nyumba inamiminiwa risasi mpaka kuta zinabomoka, na kuanzia hapo watazamaji wa RED wanaachana njia. Filamu ilitoka Oktoba 2010, na hadi leo ukiitaja mbele ya wapenzi wa filamu za mapigano utawakuta waliofurahi kupita kiasi na walioona wameibiwa karibu saa mbili za maisha yao.

Waliofurahi huanza na majina. Bruce Willis alikuwa na miaka 55, John Malkovich 56, Helen Mirren 65, Morgan Freeman 73, na Ernest Borgnine 93. Wanne kati ya waigizaji wake walishapata tuzo ya Oscar: Mirren, Freeman, Borgnine na Richard Dreyfuss. Watu wa kiwango hicho kukubali kukimbizana na mabomu, wanasema, ni karamu yenyewe. Wasiofurahi wanajibu kwamba majina makubwa ndiyo yamefunika udhaifu. Hadithi inatabirika, risasi zinapigwa maelfu na steringi hachubuki, na Willis anazungumza kama mtu aliyechoka kabla kazi haijaanza.

Mimi niko upande wa waliofurahi, ingawa lawama moja ya wenzetu inanikaa rohoni, na nitaifikia.

Kinachonivuta ni namna filamu inavyoutumia uzee. Agosti ya mwaka huohuo wa 2010 ilitoka The Expendables, Sylvester Stallone akiwa na miaka 64, steringi na mwongozaji kwa pamoja. Kule misuli bado imevimba na mikono inaonyeshwa wazi, na mtazamaji anaombwa asihesabu miaka. Sokoni filamu ile iliishinda RED: takriban dola milioni 274 duniani kote dhidi ya milioni 199. Lakini RED inataka uihesabu miaka. Joe, mwenzake wa zamani Frank kazini, anayechezwa na Freeman, yuko katika nyumba ya kulelea wazee huko New Orleans akiwa na saratani ya ini. Victoria wa Mirren anaendesha nyumba ya wageni na kupanga maua, na pembeni bado anapokea kazi za kuua kwa sababu hakuweza kuacha moja kwa moja. Ustaafu hapa una uzito wake: siku ndefu, simu isiyolia, ujuzi wa miaka thelathini usio na wa kuurithi.

Ndiyo maana mapigano ya Frank na kachero kijana William Cooper, ndani ya ofisi ya Cooper huko CIA, yananigusa kuliko milipuko yote. Kijana ana nguvu, ana haraka, na anamdharau mzee aliye mbele yake. Frank anamjulisha kwamba mtu aliyemfundisha kazi alifundishwa na yeye Frank. Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya mtu mzima aliyedharauliwa na waajiriwa wapya anaijua ladha ya jibu hilo.

Halafu kuna Marvin wa Malkovich. Huyu katika majaribio ya siri alinyweshwa dawa ya kulevya ya LSD kila siku kwa miaka kumi na moja, na sasa anaona maadui kila kona. Anamtuhumu mama mmoja kuwa anawafuatilia, wenzake wanamwombea radhi kwa aibu. Baadaye mama yuleyule anatokea na kombora begani, na Marvin analilipua kwa risasi moja ya bastola. Wanaolalamika hutaja tukio hili kama mfano wa upuuzi wa filamu nzima, maana hakuna bastola inayofanya hivyo. Ni kweli haiwezekani. Lakini limejengwa juu ya jambo la kweli: mzee anayeonekana amechanganyikiwa ndiye pekee aliyeona sawasawa, na hakuna aliyemsikiliza mpaka kombora liko hewani. Kicheko kinatoka hapo, na kinawaangukia waliompuuza.

Mirren amevaa gauni jeupe la sherehe akifyatua bunduki ya rashasha, na picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu wengi. Wapo wanaosema ni mapambo tu, mwanamke wa heshima kapewa silaha ili watu wacheke. Siafiki. Mtazameni uso wake: hacheki, hatafuti kupendeza, anafanya kazi aliyoizoea. Na mapenzi yake ya zamani na Ivan, jasusi wa Kirusi anayechezwa na Brian Cox, ni ya watu wazima waliokwisha kuumizana. Aliwahi kumpiga risasi tatu kifuani, na Ivan anazihesabu risasi hizo kuwa ushahidi wa kupendwa, kwa kuwa hakupigwa kichwani. Ni nadra filamu ya mapigano kumwachia mwanamke wa miaka 65 atamani na atamaniwe bila kumfanya kichekesho.

Sasa nije kwa wanaolaumu, maana hawakosei kila kitu.

Sarah, anayechezwa na Mary-Louise Parker, anachukuliwa na Frank kwa nguvu, anafungwa kamba na kubandikwa utepe mdomoni, na haupiti muda ameshaanza kumpenda. Filamu inataka tucheke, na wengi hucheka kwa kuwa Parker ni fundi wa vichekesho. Waliokereka wana haki ya kukereka. Vilevile kifo cha Joe: mzee kuliko wote katika kikosi, mgonjwa, ndiye anayejitoa mhanga ili wenzake wapate upenyo. Kwa Freeman, mwigizaji mwenye uzito ule, nafasi ile ni ndogo, na steringi asiyekufa ni yuleyule tuliyemzoea.

Lakini lawama inayonikaa rohoni husemwa na wachache. Siri inayofanya wazee hawa wawindwe ni ya Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, 1981. Katika filamu, afisa kijana wa Marekani aliua wanakijiji, akaondolewa kimyakimya, na sasa ni Makamu wa Rais anayetaka wote wanaojua wafe. Filamu inaitaja habari hiyo kwa maneno machache na kukimbilia mlipuko unaofuata. Guatemala ya kweli ilikuwa vitani kutoka 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa iliripoti mwaka 1999 kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au walipotezwa, wengi wao Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na kwamba asilimia 93 ya ukatili iliouandika ulifanywa na vikosi vya serikali na washirika wao. Miaka ya mwanzoni mwa 1980 ndiyo ilikuwa mibaya zaidi. Na CIA, mwajiri wa zamani wa mashujaa wetu, ndiyo iliyosaidia kumpindua rais Jacobo Árbenz mwaka 1954.

Najua ni filamu ya kuchekesha. Mtu anaweza kusema vichekesho havidaiwi historia, na kwamba angalau RED imemweka muuaji wa wanakijiji upande wa waovu. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, kile kijiji hakipewi hata uso mmoja wa kukumbukwa, wakati wazee wetu wanapewa kila mmoja jina, mapenzi na huzuni yake. Waandishi wangeweza kuchagua siri yoyote ya kubuni. Walichukua msiba wa watu halisi, wakautumia kama kibiriti cha kuwashia fataki.

Sehemu ya pili, ya 2013, sitaikalia sana. Anthony Hopkins na Catherine Zeta-Jones waliongezwa, gharama zikapanda hadi takriban dola milioni 84 kutoka 58, na mapato yakashuka hadi milioni 148 hivi. Wazee walewale walirudi, ila upweke wa ile simu ya pensheni haukurudi nao, na bila huo watu wakabaki na milipuko.

Kuhusu Willis na sauti yake iliyochoka, mabishano yamebadilika yenyewe. Machi 2022 familia yake ilitangaza kwamba anaacha kuigiza kwa sababu ya maradhi yanayoathiri usemi, na Februari 2023 ikaeleza kuwa ni aina ya ugonjwa unaodhoofisha ubongo. Sidai kwamba dalili zilikuwepo mwaka 2010. Kazi yake ile ya utulivu naichukulia kuwa chaguo. Ila nikiirudia sasa, yule mtu anayeongea kwa upole kwenye simu na mwanamke asiyemjua simwoni tena kama mwigizaji mvivu.

Na kila nikiirudia nasimama pale kwa Borgnine. Anamcheza Henry, mtunza nyaraka za siri za CIA, mzee anayejua kila faili limelala wapi na nani aliwahi kuwa nani. Hapigani, haulizwi umri. Anakaa katika chumba chake cha chini, na makachero vijana inawabidi wateremke kwake kuuliza. Borgnine alifariki Julai 2012, akiwa na miaka 95.