Daktari tarajali apimwe kituoni au wodini?

Mgonjwa wa mtihani, yaani mtu anayeigiza ugonjwa, ana nidhamu ya ajabu. Anataja dalili kuu, anaeleza ilianza lini, anamalizia na dawa alizokwisha kumeza, na kengele ikilia anapona papo hapo, tayari kumpokea mtahiniwa mwingine. Bibi aliyetoka Kasulu na kulazwa Kigoma mjini hana ratiba hiyo. Ukimuuliza anaumwa nini, anaanzia kwenye msiba wa mwaka juzi, anapitia shamba la muhogo, nusu kwa Kiha, na homa anakuja kuitaja mjukuu wakati daktari tarajali, yule aliyemaliza chuo na yuko kwenye mwaka wa mazoezi, ameshafunga faili.

Hata hivyo, wanaotetea mtihani wa vituo, OSCE, ambamo mtahiniwa huhama kituo hadi kituo akipewa kazi fupi kila kimoja, wana hoja nzito. Mwalimu wa udaktari Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliutangaza mwaka 1975 kwa sababu ule wa zamani, wa kupangiwa mgonjwa halisi, ulitegemea mno bahati. Mtahiniwa aliyepangiwa mgonjwa mwenye bandama lililojaa tumbo alifaulu kwa kugusa tu. Mwenzake akapewa moyo wenye sauti ya kutafutwa kwa shida, akaanguka. Kwenye vituo kazi ni ileile kwa wote, na muda ni uleule. Tena, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua ni lazima kujifunzwe kwanza kwenye mwanasesere. Hapo sina ubishi.

Ila orodha ya alama humpa pointi hata anayesema "pole mama" huku macho yake yapo kwenye saa. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Marekani, alitofautisha, mwaka 1990, kuonyesha kwamba unaweza na kufanya kweli ukiwa kazini. Vituo huishia kwenye kuonyesha.

Wodini nako kuna vituko. Mzee aliyebonyezwa tumbo na vijana wanne tangu asubuhi humkumbusha wa tano: "Bado hujanigonga mgongoni." Wodi nzima inacheka, na msimamizi makini anaona kama kijana ameshukuru au amenuna. Shida ni pale msimamizi asipokuwepo, kitabu cha kumbukumbu za kazi za tarajali kikasainiwa kwa mkupuo mwisho wa mwezi. Sahihi hiyo haimlindi mgonjwa yeyote.

Mimi naegemea wodini. Mwaka wa utarajali unatosha kwa daktari bingwa kusimama kando dakika kumi na tano, mara nyingi, kwa wagonjwa tofauti, na mabingwa wapokezane. Muuguzi wa zamu ya usiku naye aulizwe, maana ndiye anayejua nani huja akiitwa saa nane.