Sarufi Nzima, Uzi Umekatika

Sikiliza maneno haya. Nimeyatunga mwenyewe, kwa kufuata namna baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, wanavyozungumza maradhi yanapopanda: “Nilikwenda sokoni kununua samaki, samaki ana magamba, magamba yanang'aa kama mwezi, mwezi wa Ramadhani tulifunga, na mlango ule haufungi.”

Upatanisho wa ngeli hauna doa. Hata mrukio una sababu yake: mwezi wa angani umeita mwezi wa kalenda, kufunga saumu kumeita kufunga mlango. Ila ile safari ya sokoni imepotelea njiani. Je, hapa kinachoumwa ni lugha au fikra?

Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi aliyeupa ugonjwa huu jina lake mwaka 1908, alisema kinacholegea ni viungo vya mawazo. Maneno yanafuata tu. Mwaka 1974 mwanaisimu wa Marekani, Elaine Chaika, akaja na hoja tofauti: uwezo wenyewe wa lugha huvurugika kwa vipindi, kama afasia, yaani kupotewa na lugha kwa sababu ya kuumia ubongo, ila hii inakuja na kuondoka. Mwaka uliofuata akajibiwa na Victoria Fromkin, bingwa wa kuchunguza makosa ya ulimi. Makosa mengi unayoyataja, alisema, hata wazima tunayafanya. Yanayobaki ni ya fikra.

Mimi naegemea kwa Fromkin, lakini si kwa moyo mmoja. Chaika aliona jambo ambalo haliepukiki kirahisi: mzima ulimi ukimteleza hujishtukia, husema “samahani, nilitaka kusema…” Mgonjwa akiwa katika hali ile mara nyingi hasikii kwamba ameteleza. Ukisema tatizo lake ni la fikra tu, unasahau kwamba kujisikiliza ni sehemu ya kusema.

Upande wa kuelewa ndio unaonivuta zaidi, maana hausikiki barazani. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Loren Chapman na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa, wakikutana na neno lenye maana mbili, huelekea kushika ile maana yenye nguvu hata kama muktadha unadai nyingine. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: “Bibi alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi.” Msikilizaji wa pwani hamwoni mnyama hata kidogo, nazi imeshamfukuza. Kwa mgonjwa, huenda mnyama akabaki pale pale, na bibi kampanda. Msamiati anao. Kinachomponyoka ni muktadha, na muktadha, kwa maoni yangu, uko mpakani kabisa pa lugha na fikra, ndiyo maana ugomvi ule haukupata mshindi.

Tena si wote. Wapo wengi wenye ugonjwa huu wanaozungumza vizuri kabisa, hasa wakiwa kwenye dawa, na huwezi kuwatambua kwa mazungumzo.

Kwa hiyo kipimo cha zamani cha methali kinanitia shaka. Daktari anauliza maana ya “Haba na haba hujaza kibaba”. Mgonjwa akijibu kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, anaandikiwa kuwa hawezi kuvuka maana ya wazi. Lakini vijana wangapi wa mjini, wazima wa akili, wamewahi kukiona hicho kibaba? Ningekuwa mimi, ningemwomba anieleze tu alivyotoka nyumbani mpaka kufika kliniki, nikanyamaza, nikasikiliza kama basi litafika.