Jalada Nalo Limekwenda Likizo?

Nataka nakala ya hukumu ya shamba la marehemu baba, basi! Karani: "Namba ya kesi?" Ninayo. "Jalada liko kwa hakimu." Narudi Jumatatu, hakimu yuko likizo. Jalada nalo? Nauli ya boda niliyokwisha kulipa ingeninunulia shamba lingine! Leo limeonekana: chini ya kikombe cha chai, duara la kahawia juu ya jina la baba. Halafu naambiwa, "Mzee, andika barua ya maombi." Ya nne hiyo! Sheria ya Uganda ya mwaka 2005 ya kupata habari inawapa siku 21 kujibu. Za kalenda gani, jamani? Kesi yenyewe ilishakwisha, siri iko wapi? Na ninyi wenzangu, "njoo kesho" mmefikisha ngapi?